BWAWA JUU YA NYUMBA YA LUDING (9)

“Damu! Damu inatoka ukutani!”

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua mmenilaani siku zote saba. Kuna mmoja ameniandikia kwamba nikimuua mtoto kwenye hadithi hii hanunui tena gazeti. Ndugu yangu, mimi siui mtu. Nasimulia tu yaliyotokea, na kama huna moyo, geuza ukurasa ukasome michezo.

Tulimwacha mzee wetu Mang Ambo amepiga magoti kando ya bwawa la kuogelea la Madamu Estela Quizon, juu kabisa ya kilima. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Kopo tupu la rangi ya kutilia nyama lilikuwa mbele yake, na sauti ya mwanamke ilikuwa ikipanda kutoka chini ya ukuta.

Kwa aliyepitwa na gazeti, nitasema haraka. Ambo ana miaka sitini na mmoja na ametunza maji ya bwawa lile kwa miaka kumi na sita. Wiki sita sasa lilikuwa likivuja naye akijiambia hajui wapi. Alijuaje kwamba linavuja? Dawa ndiyo iliyomwambia. Kuna unga anaoutia majini ili klorini isiliwe na jua, na unga huo ukishaingia haupungui kwa jua wala kwa siku. Unapungua kwa njia moja tu, maji yenyewe yakiondoka. Mwezi wa pili kipimo kilisoma hamsini. Juma hili kilisoma ishirini. Akaweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, akaiacha siku nzima. Ndoo ikapungua unene wa kucha, bwawa likapungua vidole vinne.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa Kuu akamkamata mwizi. Lilikuwa ni tundu la waya nyuma ya taa iliyo chini ya maji. Alidondosha tone moja la rangi, tundu likalinyonya. Akataka kujua maji yanaenda wapi. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, basi mchana akachukua jikoni kopo zima la rangi wanayotilia nyama tamu ya nguruwe, akalikoroga, akalisukuma lote tunduni kwa mpira wa maji.

Robo saa baadaye akapata jibu lake. Maji yalikuwa yanaenda kwa binti yake, Luding.

Ambo alishika ukingo wa bwawa. Akasimama.

“Mungu wangu,” alisema. “Ukuta.”

Ukuta wenyewe ni ule unaoshikilia kilima chini ya bwawa, kimo cha watu watatu, na nyumba ya Luding imeegemea miguuni pake. Mwezi wa pili Luding alikuja kulalamika. Vile vitundu vilivyoachwa na mafundi ili udongo upumue vilikuwa vinadondosha maji juu ya altare yake, picha ya Bwana ilikuwa imeota ukungu. Baba, fanya kitu. Na baba akafanya. Alichukua saruji ya kuzuia maji iliyobaki bwawani, akaziba vitundu vyote kumi na vinne, akavilainisha kwa kidole. Ukuta ukakauka. Luding akampikia wali na samaki.

Mwezi wa pili mjini kwetu Antipolo hakuna mvua. Maji yale yalikuwa yanatoka wapi? Ambo hakujiuliza. Hapana, nasema uongo: alijiuliza, akaona aibu ya jibu, akaacha.

Kwa hiyo maji ya wiki sita yalikuwa yamejaa nyuma ya ukuta na hayana pa kupumulia. Sasa yalikuwa yamejitafutia njia yenyewe.

Akatoa simu, akampigia Luding. Ilikuwa imezimwa. Bila shaka ilikuwa imezimwa, kwa sababu nyumbani kwa Luding kulikuwa na pabasa: kitabu cha Mateso kinaimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa zamu, mchana na usiku, bila kukatishwa. Walianza jana adhuhuri. Watamaliza saa tisa alasiri, saa aliyokata roho Bwana.

Ambo alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini na tano.

Ngazi za kwenda chini ni mia na nane. Alizikimbia zote.

*

Asubuhi pale kwa Luding palikuwa na watu thelathini. Ambo alipofika palikuwa na mtaa mzima.

Walikuwa wamebanana chini ya turubai lililofungwa ukutani. Waliokosa nafasi walipiga magoti kwenye matope. Juu ya altare, nusu pima kutoka kichwa cha msalaba, ukuta ulikuwa na ufa. Ufa ulikuwa unatoa maji mekundu. Yalishuka kwenye taji la miiba, yakapita usoni, yakadondoka kwenye kitambaa cheupe.

Hata mimi ningepiga magoti. Usinicheke, nawe pia ungepiga.

“Tokeni!” Ambo alipiga kelele. “Tokeni chini ya ukuta!”

Aling Sepa, kiongozi wa waimbaji, bibi mwenye sauti ya chuma, alikuwa na kipaza sauti mkononi. Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi, kama kila Ijumaa Kuu mafundi wanapokarabati nyaya, lakini spika yake ilikuwa ya betri. Hakukatisha ubeti. Alimkata Ambo jicho tu akaendelea.

“Shhh!” mama mmoja alimvuta shati. “Vua kofia, Mang Ambo! Bwana anatoka damu!”

“Si damu! Ni rangi ya nyama!”

“Ijumaa Kuu unakufuru?”

“Nimeimimina mimi mwenyewe! Sasa hivi! Bwawani kwa Madamu!”

“Umekunywa?”

“Sijanywa! Subiri, nitawaonyesha. Subirini!”

Mfukoni hakosi kichupa chake cha kupimia. Ukidondosha dawa ndani ya maji yenye klorini, maji yanageuka njano hapo hapo, na hakuna damu ya mtakatifu yeyote yenye klorini. Akapenya hadi ukutani, akakinga maji, akadondosha matone matano, akatikisa, akainua juu watu waone.

“Tazameni! Njano!”

Watu walitazama. Kichupa kilikuwa chekundu. Kilikuwa chekundu kabla ya dawa, na kilibaki chekundu baada ya dawa, kwa sababu kopo zima la rangi lilikuwa humo. Ambo alikitazama kipimo alichokitegemea miaka kumi na sita, kikamnyima jibu.

“Nyekundu,” alisema mama yule, na akafanya ishara ya msalaba.

“Basi tazameni mikono yangu!” Ambo alifoka. Akaitupa juu yote miwili, viganja nje. “Nimeishika rangi kwa mikono hii! Si mnaiona?”

Lo! Ambo, Ambo. Hilo lilikuwa kosa.

Walioko mbele walikodoa macho kwanza. Kisha mwanamke mmoja akatoa ukelele. “Na yeye! Mikono yake! Oneni mikono yake!”

Wakamgeukia. Wakampigia magoti, yeye, Ambo msugua vigae. Mzee mmoja alimdaka mkono akaubusu. Mwingine akamsukumia kitoto kichanga chini ya kiganja.

“Niacheni! Ni rangi, jamani! Nuseni!”

Yule mzee akanusa. Machozi yakamtiririka.

“Inanukia utamu,” alisema. “Ndivyo watakatifu wanavyonukia.”

Ambo alinyakua mkono wake. Watu waliokuwa njiani waliposikia kwamba na Mang Ambo ametokwa damu, wakaanza kusukumana kuingia ndani. Kila neno alilosema lilikuwa linaongeza mtu mmoja chini ya ukuta. Akaona afunge mdomo, amtafute binti yake.

*

Luding alikuwa mstari wa mbele kabisa, bega lake karibu liguse ukuta. Alikuwa amempakata Chayong, miaka saba, mtoto mwepesi mwenye midomo ya zambarau. Vifungo vya gauni la mtoto vilikuwa wazi. Luding alikuwa anachovya leso kwenye maji mekundu na kumpaka kifuani, pale penye kovu refu la upasuaji.

“Acha!” Ambo alimshika mkono. “Ni dawa hiyo! Ina klorini!”

“Baba, usinitie aibu mbele za watu.”

“Njoo.”

“Siondoki hapa.”

“Luding, nakuomba kama baba yako. Dakika mbili.”

Alikuja shingo upande, mtoto mkononi, mpaka nyuma ya tangi la maji. Huko nyuma uimbaji ulisikika vilevile, ungedhani Aling Sepa anakuimbia sikioni.

“Nisikilize,” Ambo alisema. “Bwawa linavuja. Maji yote yamekuja nyuma ya ukuta huu. Ukuta unaanguka.”

“Limeanza lini kuvuja?”

Ambo alijifuta mikono kwenye suruali.

“Baba. Lini?”

“Mwezi wa kumi na moja nilibadilisha taa. Nilipovuta waya, ile gundi inayoziba tundu ikatoka. Sikuwa na nyingine. Nikaziba kwa sabuni.”

“Sabuni gani?”

“Ya kufulia. Ya mche. Madereva si wanaziba hivyo tangi la petroli likitoboka? Nikasema wiki ijayo nitakuja kuziba vizuri.”

“Wiki ijayo.”

“Nilisahau.”

“Miezi mitano ulisahau?”

“Baadaye sikusahau,” Ambo alisema. “Sabuni ilipoyeyuka mwezi wa pili, niliogopa. Nilikuwa naongeza maji tu, naongeza dawa, nikiomba Mungu iwe kitu kingine.”

Luding alitazama leso mkononi mwake, kisha akautazama ukuta, mahali vitundu kumi na vinne vilipozibwa vizuri kwa kidole. Si mjinga yule binti. Aliunganisha mwenyewe.

“Kwa hiyo hii si damu.”

“Ni rangi ya nyama, mwanangu.”

Aliitupa leso chini. Nilidhani atampiga kofi babaye, na angempiga ningekuwa upande wake. Hakumpiga. Alianza kulia bila sauti.

“Toa watu,” Ambo alisema. “Wewe ndiye mwenye pabasa. Wakisikia kwako watatoka.”

“Siwezi.”

“Luding!”

“Siwezi, Baba! Umesahau niliapa nini?”

Hakusahau. Chayong alizaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari alisema hafiki mwezi. Luding aliapa mbele ya msalaba ule ule: mwanangu akiishi, nitafanya pabasa kila mwaka kwa miaka saba, mwanzo hadi mwisho, bila kukatisha hata ubeti mmoja. Mwaka huo ulikuwa wa saba.

“Mwaka wa nne mvua ilitukatisha nusu saa,” Luding alisema. “Nusu saa tu! Usiku ule akalazwa siku tisa. Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia ile mashine ya hewa. Leo zimebaki kurasa kumi na moja. Saa tisa tumemaliza na mwanangu yuko huru. Uimbaji ukikatika sasa, Chayong anakufa. Nipe saa moja.”

“Ukuta haukupi saa moja!”

“Umekaa wiki sita.”

“Ufa ule asubuhi ulikuwepo?”

Luding aligeuka kuutazama ukuta.

“Ulikuwepo?”

“Haukuwepo,” alisema polepole.

Chayong alikuwa amelaza kichwa begani kwa mama yake, macho wazi, anawatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemkumbuka. Wakubwa ndivyo tulivyo, tunasema mambo ya kutisha juu ya vichwa vya watoto kisha tunasema hawaelewi.

“Hata nikikubali,” Luding alisema na kujifuta uso, “hao hawatoki. Nikisema ni rangi wataniona kama walivyokuona wewe. Wanaona damu, Baba. Nani anaikimbia damu ya Bwana?”

Kweli tupu. Ambo aliuma mdomo.

“Ni nini kitawatoa?”

“Lete rangi nyingine,” Luding alisema. “Hakuna mtakatifu anayetoka damu ya buluu. Hapo ukutani pakitoka buluu, naapa, nakivuta kipaza sauti mwenyewe mkononi kwa Aling Sepa. Nadhiri na ivunjike.”

“Unaapa?”

“Nimeshaapa mara moja nikakosea. Nenda!”

*

Sasa fikiria hesabu ya mzee huyu akipanda ngazi mia na nane, moyo ukimpiga masikioni.

Angeweza kuziba tundu. Shati lake, au tambara, chochote, basi maji hayaongezeki tena. Lakini watu wangebaki chini ya ukuta ambao tayari umelewa maji. Au angeweza kuliacha wazi na kupeleka buluu, watu waone, watoke. Lakini buluu haisafiri bila maji. Kila ndoo itakayobeba ushahidi ndiyo hiyo hiyo itakayousukuma ukuta.

Pampu ya kutoa maji ingemwokoa. Umeme usingerudi hadi saa kumi na mbili jioni. Nilishawaambia.

Alipofika juu, alisikia maji yakimwagika.

“Mang Ambo!” Madamu Estela alikuwa amesimama kando ya bwawa, gauni jeusi la kwaresima, rozari mkono mmoja, mpira wa maji mkono wa pili, umefunguliwa hadi mwisho. “Nani amechinjwa bwawani mwangu?”

Karibu na taa palikuwa na wingu la waridi majini. Alikuwa analifukuza kwa maji safi.

“Madamu, funga! Funga hayo maji!”

“Nifunge? Kesho ukoo wote wa Quizon unakuja kuogelea, wametoka mpaka Cebu, wewe umenipikia supu humu!”

Ambo alikimbilia bombani akafunga. Madamu akaenda akafungua. Ambo akafunga. Madamu akafungua, akasimama mbele yake.

“Unanigusa, Mang Ambo?”

“Madamu, bwawa linavujia kwenye ukuta. Ukuta unawaangukia watu. Binti yangu yuko chini!”

“Ukuta ule alijenga marehemu mume wangu. Hauanguki.”

“Nimeziba vitundu vyake mimi.”

“Nani alikuruhusu?”

“Na tundu la taa niliziba kwa sabuni.”

Mpira ulimponyoka Madamu mkononi.

“Sabuni,” alisema. “Miaka kumi na sita nimekuamini na wajukuu zangu. Nikiuliza mbona maji ya kijani, unasema jua. Nikiuliza mbona macho yanawasha, unasema ni dawa mpya. Ulikuwa unanidanganya kila Jumatatu?”

“Kila Jumatatu, Madamu.”

“Funguo.”

“Madamu, nipe dakika kumi...”

“Funguo za stoo, Mang Ambo. Kisha utoke kwangu.”

Akampa. Nini kingine angefanya? Alitoa funguo, akaziweka kwenye kiganja chake, na zikaacha alama nyekundu. Madamu aliitazama alama ile, akajifuta kwenye gauni haraka. Kisha akatupa macho kule chini, akasikiliza uimbaji. Kuna kitu kilimpita usoni.

“Kuna watu wangapi?” aliuliza.

“Mtaa mzima.”

Madamu Estela aligeuka, akaenda mwenyewe, akafungua stoo. “Chukua unachotaka,” alisema. “Usiniambie ni nini.”

Sikutegemea hilo, na Ambo pia hakutegemea.

Alitoka na kopo la mawe ya buluu, yale ya kuulia ukungu wa kijani. Akaponda, akakoroga kwenye jagi, mpaka maji yakawa buluu kama sare ya shule. Akafunga bomba, akachomoa mpira, akavua viatu.

“Hutaingia majini leo,” Madamu alisema, na mara hii hakuwa anaamuru. “Ijumaa Kuu hakuna anayeoga. Hata mikono hatunawi saa hizi. Mang Ambo, kidonda cha leo hakiponi.”

“Najua, Madamu.”

Akaruka.

*

Asubuhi tundu lilikuwa linavuta kidogo, kama mtoto anayejaribu kunyonya kidole. Sasa alipopeleka mkono, lilimdaka. Lilivuta vidole vyote vinne hadi kwenye vifundo. Ilibidi aegemeze mguu ukutani ili ajing’oe, na ngozi ikabaki kwenye ukingo wa chuma.

Akaweka mdomo mmoja wa mpira tunduni, akainua jagi, akamimina kwenye mdomo wa pili. Buluu yote ikaenda kwa mkupuo. Hakuna hata uzi mmoja uliorudi bwawani.

Ambo alielewa maana yake. Kule nyuma njia ilikuwa imepanuka. Udongo ulikuwa unaondoka na maji.

Akavua shati, akalisokota, akalisukuma tunduni. Likaingia. Lote likaingia, mikono na kola, na tundu likaendelea kunywa.

“Madamu! Taulo! Chochote!”

Madamu alileta taulo, akaleta shuka, akaleta shela lake jeusi kutoka begani. Taulo likaenda. Shuka likakwama kidogo, kisha likaenda.

“Mang Ambo,” Madamu alisema. “Vigae.”

Alitazama. Mstari wa maji ulikuwa unashuka. Haikuwa tena vidole vinne kwa siku. Ulikuwa unashuka machoni pake, kigae kimoja, kisha kingine.

Akatoka majini akitambaa, akakimbilia ukingoni juu ya ukuta, akachungulia.

Saa ilikuwa nane na dakika thelathini na saba.

Chini, uimbaji uliendelea. Aliona turubai, vichwa, pembeni aliona altare. Aliona Luding amesimama mahali pake, uso juu, anautazama ufa, mtoto amesimama kando yake. Anasubiri buluu.

Ufa ulikuwa bado unatoa nyekundu. Kisha nyekundu ikapauka.

“Toka,” Ambo alinong’ona. “Toka, buluu, toka.”

Kikatoka kitu. Lakini haikuwa buluu. Ulitoka udongo.

Ulitoka mzito, wa kahawia, kwanza kidogo, kisha kwa kupiga, pu, pu, pamoja na mawe. Ukaujaza uso wa Bwana, ukaizima mishumaa. Mahali pawili pengine ukutani, saruji aliyoilainisha kwa kidole ikaruka kama kizibo. Na hapo, msomaji wangu, wale waliokataa maneno na kipimo waliamini wote kwa pamoja.

“Ukuta!” Luding alipiga kelele. “Ukuta! Kimbieni!”

Uimbaji ukakatika.

Tangu jana adhuhuri haukuwa umekatika, na Ambo mchana kutwa alikuwa hataki kitu kingine duniani ila ukatike. Sasa ulipokatika alihisi baridi. Zilikuwa zimebaki kurasa tatu.

Aliona turubai likichanika. Aliona watu wakibanana kwenye kichochoro, wakikanyagana, wakitokea barabarani. Alimwona yule mzee mnusaji amebebwa mgongoni. Alimwona Aling Sepa bila kitabu. Alimwona Luding akivutwa na umati hadi kwenye mwanga, amekumbatia mtoto kifuani, mzima.

“Ahsante,” Ambo alisema, na akaanza kulia. “Ahsante, ahsante.”

Nyuma yake Madamu Estela alikuwa ameshika rozari. Bwawa lilikuwa limebaki na dimbwi katikati.

Kule barabarani Luding alimteremsha mtoto, akamgeuza amtazame uso. Akarudi nyuma hatua moja. Ambo, hata kwa umbali ule, aliona. Gauni lilikuwa jingine. Alikuwa mtoto wa jirani, aliyemnyakua katika ile purukushani.

“Chayong!” Luding alilia. “Chayong!”

Ndipo spika ya betri ilipokwaruza.

Sauti moja, nyembamba, ikapokea ubeti pale pale ulipokatikia. Haikuhitaji kitabu. Huyu alibembelezwa kwa beti hizi miaka saba, na nyuma ya tangi la maji alisikia kwa masikio yake kwamba uimbaji ukikatika, yeye anakufa. Basi alikuwa amekiokota kipaza sauti, na alikuwa anaimba, peke yake, chini ya ukuta, haraka haraka, ili amalize.

“Chayong, toka!” Ambo alipiga kelele kutoka juu mpaka koo likachanika. “Acha kuimba! Toka!”

Mtoto alimsikia babu yake. Tunajua alimsikia, kwa sababu aliongeza sauti.

Chini ya miguu ya Ambo, ukingo wa bwawa ukapasuka.